Mficha Uchi Hazai: Baiskeli za Milimani na Afya ya Uzazi ya Mwanamume

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba wake wote.



Wiki chache zilizopita, baada ya darsa ya fiqhi ya ndoa, ndugu mmoja alibaki nyuma mpaka wenzake wote walipotoka msikitini. Akauliza kwa sauti ya chini. Yeye na rafiki zake hupanda baiskeli za milimani kila mwisho wa wiki: wanapandisha barabara ya Kapchorwa, kisha wanateremka kwa njia za mawe kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Kila akirudi huwa na ganzi sehemu za siri hadi usiku. Amesikia watu wakisema baiskeli humfanya mwanamume mgumba. Mwakani anataka kuoa. Je, aache baiskeli? Na je, inamlazimu kumwambia mchumba wake?

Ustadhi alimpa jibu la mwanzo, kisha akaniagiza nilitafiti jambo hili na kuliandika, kwa kuwa mwenye swali moja huwa nyuma yake kuna kumi walionyamaza. Sisi hapa ni wanafunzi wa Uganda, Kenya, Tanzania, Rwanda na Burundi, na katika nchi zetu zote baiskeli ni usafiri, ni kazi na ni mchezo. Neno bodaboda lenyewe lilizaliwa kwa baiskeli zilizovusha abiria mpakani Busia, si mbali na hapa. Mnyarwanda Adrien Niyonshuti alishindana katika mbio za baiskeli za milimani kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012, na vijana wengi wa milimani wakatamani kumfuata. Basi hili si swali la mtu mmoja.

1. Haya isizuie elimu

Haya ni sehemu ya imani, na hakuna anayetaka kuiondoa. Lakini kuna haya inayomzuia mtu na maovu, na kuna aibu inayomzuia mtu na elimu. Ya kwanza ni pambo, ya pili ni hasara.

Tunao mfano katika Sahihi mbili za Bukhari na Muslim. Ali bin Abi Talib (r.a.) alikuwa akisumbuliwa na madhii, akaona haya kumuuliza Mtume (s.a.w.) kwa sababu alikuwa mkwewe. Hakunyamaza, na wala hakujitungia hukumu. Alimtuma al-Miqdad amuulizie, na jibu likapatikana, nasi tunalisoma mpaka leo katika mlango wa twahara. Naye Ummu Sulaym (r.a.) alimwendea Mtume (s.a.w.) kuuliza juu ya mwanamke anayeota akatokwa na maji, akatanguliza kwamba Allah haoni haya katika haki. Hakukemewa. Alijibiwa.

Faida tunayoipata kwa Ali ni kubwa: ukishindwa kuuliza mwenyewe, mtume mtu akuulizie, lakini swali lifike kwa mjuzi. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Katika mada yetu ya leo methali hiyo haina hata haja ya kufasiriwa.

2. Mwili unavyofanya kazi

Tukitaka kuelewa madhara, tuanze na maumbile.

Mtu akikaa kwenye kiti cha kawaida, uzito wake hubebwa na mifupa miwili ya makalio. Akikaa kwenye kiti chembamba cha baiskeli na kuinama mbele kushika usukani, sehemu ya uzito ule huhamia kwenye msamba, yaani sehemu iliyo kati ya korodani na njia ya haja kubwa. Ndani ya msamba hupita neva na mishipa ya damu inayokwenda kwenye uume. Pua ya kiti inapoibana neva, ganzi huingia. Inapoubana mshipa wa damu, damu hupita kidogo. Kwa hiyo ganzi ni ujumbe kwamba kuna kitu kimebanwa, wala tusiihesabu kuwa uchovu wa kawaida.

Jambo la pili ni korodani. Allah (s.w.) ameziweka nje ya kiwiliwili kwa hekima: utengenezaji wa mbegu za kiume unahitaji joto lililo chini kidogo ya joto la mwili, kwa nyuzi 2 hadi 4 hivi. Kukaa muda mrefu kwenye kiti, mapaja yakiwa yamebana na nguo ikiwa nzito, huongeza joto mahali palipokusudiwa pawe baridi.

La tatu ni mshtuko, na hapa ndipo baiskeli ya milimani inapotofautiana na ya barabarani. Kwenye njia ya mawe na mizizi, kila kishindo cha gurudumu hupanda kupitia fremu hadi kwenye kiti, na mpandaji aliyekaa hukipokea mwilini mara mamia kwa saa moja. Pigo moja laweza lisiumize. Madogo mengi, siku baada ya siku, huacha alama.

Tutofautishe pia mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Nguvu za kiume ni jambo moja, na uwezo wa kuzalisha ni jambo jingine. Mtu anaweza kuwa na nguvu kamili na mbegu zake zikawa chache, na anaweza kuwa na mbegu nyingi akapungukiwa nguvu. Anayesema "mimi niko sawa, sina tatizo la kitandani" bado hajajibu swali la uzazi.

3. Watafiti wamepata nini?

Utafiti unaotajwa zaidi katika mada hii ulifanyika Innsbruck, mji wa Austria uliozungukwa na milima ya Alps, ambako baiskeli za milimani ni mchezo mkubwa. Daktari Ferdinand Frauscher, mtaalamu wa picha za mwili, pamoja na wenzake waliwapima wapandaji kwa ultrasaundi. Matokeo waliyoyatoa mwaka 2002 katika mkutano wa wataalamu wa picha za mwili huko Chicago yalihusu wapandaji 55 na wanaume 35 wasiopanda. Karibu asilimia 90 ya wapandaji walikutwa na mbegu chache pamoja na kasoro katika korodani: chembe ngumu za madini ya kalsiamu, uvimbe mdogo wenye maji, na vena zilizovimba. Kwa wasiopanda, waliokutwa na kasoro kama hizo walikuwa asilimia 26.

Ukiishia hapo utaiuza baiskeli yako kesho asubuhi. Lakini endelea kusoma. Wapandaji wale walikuwa wakipanda saa 2 au zaidi kwa siku, siku 6 kwa wiki, kwenye njia za milimani. Huyo si mwanafunzi anayekwenda sokoni.

Utafiti wa pili ni wa Chuo Kikuu cha Boston, Marekani, ulioongozwa na Lauren Wise na kuchapishwa mwaka 2011. Uliangalia wanaume 2,261 waliokuwa wakihudhuria kliniki za uzazi pamoja na wake zao. Kwa jumla, mazoezi hayakuonekana kuharibu mbegu. Lakini waliopanda baiskeli saa 5 au zaidi kwa wiki walikutwa zaidi na mbegu chache na zenye mwendo hafifu kuliko wasiofanya mazoezi.

Utafiti wa tatu unakwenda upande mwingine. Mwaka 2014 watafiti wa London walichapisha majibu ya wanaume 5,282 wapanda baiskeli wa Uingereza. Hawakuona uhusiano kati ya saa za kupanda na ugumba, wala kati ya saa hizo na kupungukiwa nguvu za kiume.

Wa nne unatufundisha tiba. Taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia afya kazini iliwafuatilia polisi 90 wanaofanya doria kwa baiskeli, na kuwapa viti visivyo na pua. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Kabla ya kubadilishiwa viti, asilimia 73 walikuwa wakipata ganzi sehemu za siri. Baada ya miezi 6 walibaki asilimia 18. Kazi ilikuwa ileile na baiskeli zilikuwa zilezile. Kilichobadilika ni kiti.

4. Tuzipime habari hizi

Sisi tunaosoma elimu ya hadithi tumefundishwa kutopokea habari kabla ya kuitazama sanadi na matni. Adabu hiyo inafaa hapa pia: nani amepimwa, amepimwaje, na maneno yanasema nini hasa.

Wa Innsbruck walipimwa kwa vyombo, na hiyo ni nguvu ya utafiti ule. Lakini walikuwa wachache, na ni watu waliozidisha mno. Hukumu yao haihamishiwi kwa kila mwenye baiskeli. Aidha, vena zilizovimba kwenye korodani huonekana kwa takriban asilimia 15 ya wanaume wote, wapandaji na wasiopanda. Anayekutwa nazo asikimbilie kuilaumu baiskeli.

Wa Boston walikuwa wengi, lakini wote walitoka kliniki za uzazi, yaani watu ambao tayari walikuwa na wasiwasi wa kupata mtoto. Na uhusiano kati ya vitu viwili haujathibitisha kwamba kimoja ndicho kilichosababisha kingine.

Wa London walikuwa wengi zaidi, lakini waliulizwa maswali tu, hawakupimwa mbegu. Mwanaume ambaye hajawahi kupimwa atasema hana ugumba, na atakuwa mkweli kwa kadiri ya anavyojua.

Je, habari hizi zinagongana? Wanazuoni wetu hutanguliza kuzioanisha dalili kabla ya kuchagua moja na kuitupa nyingine, na hapa kuoanisha kunawezekana. Kupanda kwa kiasi hakuonekani kumfanya mtu mgumba. Kupanda kwa saa nyingi, kila siku, kwenye njia mbovu, kwa kiti kibaya, ni jambo la kuogopewa. Katika usuli tunasema hukumu huzunguka pamoja na illa yake. Illa hapa ni mbano, joto na mshtuko unaojirudia, wala si jina "baiskeli". Polisi wale 90 ni ushahidi: illa ilipopunguzwa, madhara yalipungua na baiskeli ikabaki.

Kwa hoja hiyohiyo, bodaboda wa baiskeli anayebeba abiria na magunia kutwa nzima kwenye barabara ya mashimo anahusika na darsa hii kuliko mwanafunzi anayepanda Jumamosi tu, hata kama hajawahi kusikia neno "baiskeli ya milimani".

5. Sheria inasemaje?

Kuhifadhi kizazi ni moja ya makusudio matano ya sheria ambayo Imamu al-Ghazali aliyapanga katika al-Mustasfa: dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Katika Suratul Baqara, aya ya 195, Allah (s.w.) anatukataza kujitia wenyewe katika maangamizi. Na Mtume (s.a.w.) alitufundisha kwamba hakuna kudhuru wala kudhuriana, na alimkumbusha Abdullah bin Amr (r.a.) kwamba mwili wake una haki juu yake.

Kwa upande wa pili, asili ya vitu vya kidunia ni uhalali mpaka ije dalili ya kuharamisha, na yakini haiondolewi na shaka. Uhalali wa baiskeli ni yakini, na ugumba wa mpandaji wa kawaida ni shaka. Faida zake nazo hazifichiki: moyo hupata nguvu, uzito hupungua, sukari ya damu hudhibitiwa. Unene uliokithiri wenyewe hudhuru mbegu za kiume, kwa hiyo anayeacha baiskeli akakaa tu huenda amekimbia mvua akaingia mtoni.

Basi, na Allah ni Mjuzi zaidi, hukumu ya baiskeli hubaki katika uhalali wake, na kinachotutaka ni kuondoa madhara. Lakini mtu ambaye mwili wake umeshamtumia ujumbe wa ganzi au maumivu, naye akaendelea vilevile kwa ubishi wa ujana, huyo hana tena kisingizio cha shaka. Amejua, na aliyejua hasamehewi kama asiyejua.

6. Tufanye nini?

Kiti. Kipana kinachobeba mifupa ya makalio ni bora kuliko chembamba. Chenye mfereji katikati au chenye pua fupi hupunguza mbano. Kiti laini mno si dawa, kwa sababu mtu huzama na msamba ukabanwa palepale. Pua isiinuke juu. Kiti kiwe sawa na ardhi au kiinamie mbele kidogo sana.

Urefu. Kiti kikiwa juu mno, mpandaji huyumba kulia na kushoto na kujisugua. Kanyagio likiwa chini kabisa, goti libaki limekunjika kidogo. Usukani usiwe chini sana kuliko kiti, maana kuinama mno hupeleka uzito kwenye msamba.

Kusimama. Kwenye mawe na mteremko, simama juu ya kanyagio na uache magoti yako yawe shokapu. Kwenye njia tambarare nako simama kila baada ya dakika kumi hivi, damu ipite. Baiskeli yenye shokapu mbele na nyuma husaidia, lakini magoti ni ya bure.

Mavazi. Suruali yenye sponji ya wapanda baiskeli husaidia, lakini inabana na kuonyesha umbo. Ivae ndani, na juu yake vaa nguo pana inayositiri kuanzia kitovuni hadi magotini. Ukifika, ivue upesi, uoge, na usishinde na nguo ya jasho.

Mapumziko. Ganzi ikija, shuka. Ikirudi kila safari, pumzika siku kadhaa na urekebishe kiti kabla ya kupanda tena. Ikiendelea hata baada ya hapo, nenda kwa daktari.

Dharura. Maumivu makali ya ghafla kwenye korodani hayangojei asubuhi. Huenda korodani imejisokota na kukata damu yake, na katika hali hiyo saa 6 za mwanzo ndizo za kuiokoa. Vilevile uvimbe baada ya kuanguka, damu kwenye mkojo, au kinundu hata kisichouma: vyote ni vya hospitali. Kumwonyesha tabibu uchi kwa haja ya matibabu kunaruhusiwa kwa kadiri ya haja, na mwanamume akitibiwa na mwanamume ni bora akipatikana.

7. Kipimo, mke na lawama

Hapa ndipo penye uzito wa darsa hii.

Katika jamii zetu, ndoa ikipita miaka miwili bila mtoto, macho yote humgeukia mke. Huitwa tasa. Hupelekwa kwa waganga, hunyweshwa miti, hutishiwa uke wenza au talaka. Mume hajapimwa hata mara moja, naye hutetewa na mama yake na dada zake. Hali halisi ni kwamba katika takriban nusu ya ndoa zenye tatizo hili, upande wa mwanamume unahusika, peke yake au pamoja na mke. Tazama Suratu Shura, aya ya 49 na 50: Allah (s.w.) anataja kuwapa awatakao watoto wa kike na wa kiume, na kumfanya amtakaye kuwa mgumba. Hakusema mwanamke amtakaye.

Kumtuhumu mke kwa jambo ambalo mume hajataka kulichunguza kwake mwenyewe ni dhulma, na dhulma ni giza siku ya Kiyama. Kipimo cha manii ni rahisi kuliko vipimo vingi anavyofanyiwa mke, na ndicho kilichostahiki kutangulia. Suala la namna ya kutoa sampuli lina njia yake ya kisheria: mume anaweza kuipata akiwa na mkewe, na kliniki nyingi hueleza namna ya kuihifadhi na kuiwahisha. Kwa hali nyingine muulize shekhe.

Matokeo yakija mabaya, msikate tamaa. Mbegu huchukua takriban siku 70 kutengenezwa, kisha siku kadhaa za kukomaa. Kwa hiyo aliyepunguza joto na mbano leo asubiri miezi mitatu hivi ndipo apime tena. Wengi hali zao hubadilika. Vena zilizovimba hutibika. Na nyuma ya sababu zote yuko Mwenye kusababisha, ambaye Nabii Zakariya (a.s.) alimwomba mtoto akiwa mzee mwenye mvi, akamruzuku Yahya.

Turudi kwa ndugu yetu. Swali lake la kwanza limejibiwa: asiache baiskeli, abadilishe kiti na mwendo, na ganzi ikiendelea aonane na daktari kabla ya ndoa. La pili: shaka tupu haimlazimu kumtangazia mchumba wake ugumba ambao hakuna aliyeuthibitisha. Lakini akipimwa na kuthibitika kwamba hawezi kuzalisha, hapo ni wajibu amwambie kabla ya akdi. Imepokewa kwamba Umar bin al-Khattab (r.a.) alimuuliza mtu mgumba aliyeoa kama alimjulisha mkewe. Aliposema hapana, Umar alimwamuru amwambie kisha ampe hiari. Huo ndio uadilifu.

Ndugu yetu alikubali nimtaje bila jina, kwa sharti kwamba niandike pia kuwa alikwisha badilisha kiti, na kwamba rafiki zake wawili, waliposikia, walikiri kwamba nao walikuwa wakipata ganzi ileile mwaka mzima. Hakuna aliyekuwa amemwambia mwenzake.

Tunamwomba Allah (s.w.) atupe elimu yenye manufaa, miili yenye afya, na wake na watoto walio kitulizo cha macho yetu. Amin.

Maswali ya kujadili katika halaqa

1. Ni ipi tofauti kati ya haya inayosifiwa na aibu inayozuia elimu? Toa mfano katika maisha ya chuo.
2. Fafanua illa katika suala la baiskeli. Je, bodaboda wa pikipiki anayekaa kutwa juu ya kiti chenye joto anaweza kupimwa kwa qiyasi hiyohiyo?
3. Mume anakataa kupimwa na anataka kumwacha mkewe kwa madai kwamba ni tasa. Ukiwa ndugu yake, utamnasihi vipi?